Paa Kabla ya Masika: Taarifa na Ombi la Kamati ya Ukarabati wa Kanisa na Ukumbi wa Parokia

(Hotuba iliyotolewa na mweka hazina kwa niaba ya kamati, katika mkutano mkuu wa mwaka na harambee ya wanachama waishio Dar es Salaam)

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Asalaam aleikum.

Tunawasalimu kwa salamu zote tatu kwa sababu humu ndani wamo watu wa kwetu wa salamu zote tatu, na baadaye mtaona kwamba jambo hilo lina nafasi yake katika hesabu zetu.

Baba Paroko uliyesafiri na basi la usiku kutoka mlimani, wazee wetu, mama zetu, kaka na dada, na ninyi vijana mlioambiwa kuna mtori na nyama choma: karibuni, na asanteni kwa kuja. Mwenyekiti ametupa dakika ishirini. Ametuomba pia tusisome tarakimu nyingi, kwa sababu mwaka jana watu walisinzia. Dakika ishirini tutaziheshimu. Hilo la pili tutajitahidi.

Tuanze na msiba ambao wengi wenu mlikuwapo. Ilikuwa Aprili mwaka juzi, katikati ya masika, tulipompeleka nyumbani mama wa mwenzetu mmoja. Tulitoka hapa na mabasi mawili na magari madogo yasiyohesabika. Tulikuwa na maua, na mpiga picha za video, na sare za kitenge zilizoshonwa kwa siku tatu. Tulipofika kanisani tukakuta upande wote wa kushoto umefungwa kwa kamba, kwa kuwa ubao mmoja wa dari ulikuwa umeshuka juma lililotangulia. Tukabanana upande wa kulia. Misa haijafika katikati, mvua ikaanza, na tone la kwanza likaangukia jeneza. Vijana wakalisogeza. Likapata tone jingine. Wakalisogeza tena, mpaka yule mama aliyeimba kwaya ya parokia tangu usichana wake akawa amelazwa pembeni karibu na mlango wa sakristia, na pale katikati ikawekwa ndoo ya plastiki. Waliokuwapo wataikumbuka sauti ya ile ndoo wakati wa mahubiri.

Baada ya maziko kihambani tulirudi kula. Ukumbi ulikuwa umefungwa kwa kufuli, haufai. Tukala chini ya maturubai, miguu topeni.

Baadhi yetu kazi yetu ya kila siku ni hesabu, na mtu wa hesabu ana ugonjwa wake: hata msibani anajumlisha. Kamati ya mazishi ilikuwa imekusanya shilingi 17,300,000 kwa siku sita. Orodha tuliishika sisi wenyewe. Katika mwaka mzima uliotangulia msiba ule, mfuko wa kanisa ulikuwa umepokea kutoka kwetu sote shilingi 2,100,000. Hatusemi kwamba fedha za mazishi zilitumika vibaya. Marehemu alistahili heshima ile na zaidi. Tunasema tu kwamba uwezo tunao, na kasi tunayo, ila tunaonyesha tukishavaa nguo nyeusi.

Sasa tueleze hali ya majengo, maana kuna walioondoka nyumbani muda mrefu na wanalijua kanisa la kwenye picha za ubatizo tu.

Kanisa letu si la kwanza mlimani. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipanda kutoka Bagamoyo na kuanza Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, kisha Kibosho, kisha wakaenda Rombo. Sisi tulifuata. Jengo tulilo nalo liliinuliwa na babu zetu kati ya vita viwili vya dunia, miaka ileile kahawa ilipoanza kuwapa fedha zao wenyewe, enzi za chama cha wakulima wa kahawa cha KNPA kilichoanzishwa mwaka 1925 na kufuatiwa na KNCU mwaka 1933. Wanaume walipasua mawe na kuyabeba, akina mama wakapandisha maji na mchanga kutoka mtoni, na mbao za mseri zikateremshwa kutoka msituni kwa mabega. Hakuna mzee wa kwetu asiyekuwa na bibi au babu aliyebeba kitu. Kila ukoo una jiwe lake pale, ingawa hakuna anayejua ni lipi.

Kuta hizo bado zinasimama. Lililo baya ni paa. Mabati yamekula kutu mpaka mtu akiwa ndani saa sita mchana anaona nyota za mwanga juu yake. Kenchi nne upande wa kushoto zimeingiliwa na mchwa, na mbili kati ya hizo zimeoza pale zinapokalia ukuta. Magata yalikwisha siku nyingi, kwa hiyo maji yote ya paa yanamwagika chini ya ukuta na kukaa palepale. Ukumbi nao una dari iliyobonyea kama tumbo la ng'ombe, madirisha yasiyofunga, na choo ambacho Baba Paroko ametuomba tusikielezee wakati watu wanasubiri chakula.

Lakini kuna jambo jingine, nalo ndilo gumu, na kamati ilijadili usiku mzima kama tuliseme hadharani au tuliache. Tumeamua tuliseme. Nyumbani mtu akimkosea mwenzake huja na jani la isale mkononi kabla hajafungua kinywa. Wachukulieni wanakamati hawa waliosimama mbele yenu kuwa wana isale.

Mwaka 2013 tuliwachangisha. Wengi wenu mlitoa. Tulikusanya fedha, tukapeleka lori la saruji, tukapiga plasta ya saruji ukuta wote wa kanisa, nje na ndani, tukapaka rangi ya krimu na mstari wa kahawia chini, tukapiga picha na kuichapa kwenye jalada la kijitabu cha mwaka ule. Lilipendeza kweli. Askofu alilisifia. Sisi tulioshika vitabu tulifurahi zaidi kwa sababu saruji ina risiti safi: mifuko mingapi, bei gani, duka gani. Hesabu zilifunga hadi senti ya mwisho, na mkaguzi hakuuliza swali.

Ile saruji ndiyo inayokula ukuta.

Hatukujua. Tumefundishwa mwaka jana na msanifu majengo, kijana wa kwetu anayefanya kazi Arusha, aliyekuja mara mbili kwa nauli yake. Alizunguka kanisa akigonga ukuta kwa mpini wa nyundo. Mahali pengi ukaitika kwa mlio wa debe tupu. Akabandua kipande kimoja cha plasta, akaingiza kidole katikati ya mawe, akatoa kitu cha majimaji kinachofanana na unga uliolowa. Huo ulikuwa udongo wa chokaa ulioshika mawe yale tangu enzi za babu zetu.

Alitueleza hivi. Wajenzi wa zamani hawakutumia saruji. Walitumia chokaa. Mawe ya chokaa huchomwa tanuruni, yakipoa hutiwa maji, yakachemka yenyewe bila moto, na uji wake ukahifadhiwa shimoni kwa majuma kadhaa kabla ya kuchanganywa na mchanga. Ukuta wa namna hiyo unapumua. Ukilowa na mvua, jua likitoka unakauka. Ukiuvika saruji, ni sawa na kumvalisha mtu koti la mpira asubuhi na kumwambia alime mpaka jioni. Maji yanaingia kwa juu, kwenye paa bovu, na kwa chini, kwenye udongo uliolowa, na hayana pa kutokea. Yanabaki ndani yakilainisha chokaa mpaka mawe yanakalia hewa.

Wazee wawili walikuwa wamesimama hapo wakimsikiliza. Mmoja akacheka. Akatupeleka nyuma ya ukumbi, chini ya ule mringaringa mkubwa, akatuonyesha bonde dogo ambalo sote tuliosoma shule ya parokia tulicheza ndani yake tukiliita uwanja. Akasema hilo ndilo shimo la chokaa. Baba yake alikuwa akilikoroga. Akasema pia kwamba mwaka 2013, siku lori la saruji lilipofika, alitaka kutuambia kitu, lakini watu wa Dar walikuwa na haraka.

Ndugu zetu, hilo tumelisikia na limetuuma. Hakuna fundi wa kumlaumu. Fundi alifanya tulichomwagiza. Hakuna fedha iliyoibwa pia, na vitabu vipo kwa yeyote anayetaka kuvikagua. Tulitumia fedha zenu kwa uaminifu kamili katika kazi isiyofaa, kwa kuwa tuliharakia kazi inayoonekana kwenye picha, na hatukumuuliza mzee aliyekuwa anasimama umbali wa hatua kumi. Kwa hiyo leo tunapowaomba tena, sehemu ya fedha tunayoomba ni ya kubandua tulichokipaka. Mkitaka kukasirika, mna haki.

Kuna wenzetu waliokasirika tayari, wakasema: kama ukuta umeshaharibika, bomoeni, tujenge kanisa jipya la kisasa, kubwa, lenye vigae na vioo. Hoja hiyo si ya kipuuzi. Sikukuu ya Krismasi kanisa halitutoshi, magari yanapangana hadi barabara kuu. Tuliipeleka kwa mkadiriaji majenzi pamoja na hii ya ukarabati. Jibu lake ni kwamba mawe ni mazima, msingi ni mzima, na sehemu kubwa ya ukuta itapona yenyewe ikivuliwa saruji na kuwekewa paa na mfereji wa kupeleka maji mbali. Kanisa jipya la ukubwa unaotajwa lingetugharimu mara kadhaa zaidi, na sote tunayajua makanisa ya mlimani yaliyoanzishwa kwa shangwe ambayo leo yana nguzo na nondo zinazoota kutu, huku waumini wanasali kwenye darasa. Tena kanisa linajaa kwa siku kumi tu za Desemba. Majuma mengine hamsini wanaosali pale ni wale tuliowaacha, na wao nafasi inawatosha. Wanachokosa ni paa.

Wengine wameuliza kwa nini serikali, au wafadhili wa nje, wasibebe mzigo huu, maana hili ni jengo la kihistoria. Tumefuatilia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Letu ni changa mno kwa kipimo hicho, hata kama sisi tunaliona la kale. Ni kweli kanisa kuu la Kianglikana pale Mkunazini, Unguja, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, lilikarabatiwa miaka michache iliyopita kwa msaada mkubwa wa Umoja wa Ulaya. Lakini kanisa lile lina habari inayojulikana duniani kote. Habari ya kanisa letu inajulikana na sisi. Na kusubiri kuna gharama yake. Unguja hiyohiyo, Beit al Ajaib iliyokuwa imesimama tangu mwaka 1883 ilianguka sehemu siku ya Krismasi ya mwaka 2020, mafundi wakiwa wameshaanza kuikarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Tusingependa kuwaomba mchango mwingine wa rambirambi.

Sasa zile salamu tatu. Katika mkutano wa mwaka jana mwenzetu mmoja Mlutheri alisimama akauliza, kwa upole sana, kwa nini ada yake ya uanachama itengeneze kanisa la Wakatoliki. Pakawa na minong'ono. Sisi wa hesabu tulifurahi kwamba ameuliza, kwa sababu swali lile lilikuwa linakaa kwenye vitabu miaka yote bila mtu kulitamka. Tulilijibu hivi, na mkutano ukapitisha: ada ya chama haitagusa kanisa hata shilingi moja. Kanisa lina akaunti yake, na anayeweka humo anaweka kwa hiari yake. Ukumbi ni jambo jingine. Ukumbi ule ndipo watoto wa imani zote walipochanjwa, ndipo chama cha msingi cha ushirika kilipogawa malipo ya kahawa, ndipo harusi na vikao vya ukoo vilipofanyika, na ndipo tuliposomea matokeo yetu ya darasa la saba yakiwa yamebandikwa ukutani, wengine wakicheka na wengine wakikimbilia migombani kulia. Ukumbi ni wetu sote, na ada yetu sote itautengeneza. Tangu tutenganishe akaunti hizo mbili, familia za Kilutheri na za Kiislamu zimechangia ukumbi kwa moyo. Yule aliyeuliza swali ni wa pili kwa ukubwa wa mchango.

Tumefika kwenye tarakimu. Amkeni kidogo.

Makadirio ya mkadiriaji majenzi ni haya: paa la kanisa, yaani kenchi, mabati na magata, shilingi 74,000,000. Kuvua saruji na kurudishia chokaa kuta zote, 38,500,000, na chokaa yenyewe itatoka Tanga. Mfereji wa kuzunguka jengo, 9,200,000. Ukumbi pamoja na choo, 46,300,000. Jumla 168,000,000, na tumeongeza asilimia kumi ya dharura kwa sababu hakuna anayejua mchwa wamefika wapi mpaka bati litakapofunuliwa. Inakuwa 184,800,000.

Akaunti ya kanisa ina salio la 41,760,000. Akaunti ya ukumbi ina 11,400,000. Na nyumbani, jumuiya ndogo ndogo zimekusanya 12,900,000. Hizo za nyumbani zimepatikanaje? Kwa mnada baada ya misa, Jumapili hadi Jumapili: mkungu wa ndizi, debe la maharage, jogoo, mara moja mbuzi. Kuna bibi anayeleta mkungu kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, kisha mnada ukipoa anapandisha bei ya mkungu wake mwenyewe na kuununua. Vijana wamechota mchanga na mawe bila kulipwa, na hayo hatujayaingiza kwenye hesabu kwa sababu hatujui tuyaandike kwa bei gani.

Hatuwaombi zote leo. Tunaomba za kazi moja: paa na mfereji, kabla ya masika. Mafundi wakiingia baada ya Epifania, wana Januari na Februari za ukavu. Wakichelewa hadi Machi, tutafunua kanisa na mvua italikuta wazi, na ile chokaa iliyobaki ukutani haitavumilia mwaka mwingine wa namna hiyo. Kuta zenyewe zitafuata baada ya mvua, zikishakauka, kwa sababu chokaa haiwekwi juu ya ukuta uliolowa. Ukumbi utaanza Julai. Paa na mfereji pamoja na dharura yake ni 91,520,000. Tukiweka zetu na za nyumbani za akaunti ya kanisa, tunapungukiwa 36,860,000.

Daftari la chama lina majina 412. Waliolipa ada mwaka huu ni 163. Majina yote yangechangia kanisa, ingetosha elfu tisini kwa kila mmoja. Wakichangia hao 163 peke yao, ni zaidi kidogo ya laki mbili na elfu ishirini na sita. Na kwa kuwa si wote ni wa kanisa hili, wengine watabeba zaidi. Tofauti kati ya namba hizo mbili ni ndugu zetu ambao hawako humu jioni hii, na wengi mna namba zao za simu.

Kuhusu ahadi. Hapa mtatusamehe, maana tunaenda kinyume na desturi ya harambee. Mwaka 2013 ahadi zilizotangazwa kwa kipaza sauti zilikuwa 48,600,000. Zilizolipwa ni 29,150,000. Ambazo hazijalipwa hadi leo ni 19,450,000, na baadhi zilipigiwa makofi na vigelegele kuliko zile zilizolipwa. Hatutayataja majina. Tumeliweka daftari lile kabatini na tumekubaliana libaki huko. Lakini mwaka huu hatutasoma ahadi. Atakayetoa elfu tano taslimu atapewa stakabadhi na jina lake litaandikwa. Atakayetaka kutangaza milioni tano atazipeleka kwanza mezani, kisha kipaza sauti ni chake hata kwa nusu saa. Anayehitaji kulipa kidogo kidogo mpaka tarehe 31 Desemba ajaze fomu ya makato ya benki palepale, tusitegemee kumbukumbu yake wala yetu.

Fedha zikishaingia, kutoa kunahitaji sahihi tatu, na moja ni ya mwenyekiti wa halmashauri ya walei kule nyumbani. Mwaka 2013 sahihi zote zilikuwa za Dar. Fundi atalipwa kwa hatua, baada ya mkadiriaji kupima kazi iliyofanyika. Taarifa ya kila mwezi itabandikwa kwenye mlango wa kanisa pamoja na kutumwa kwenye kundi letu la simu, ili bibi wa mkungu asome kilekile anachosoma mkurugenzi wa Masaki. Na katika kamati ya ujenzi tumemwongeza yule mzee wa shimo la chokaa. Amekubali kwa sharti moja, kwamba vijana wawili wa ufundi wakae naye wakati chokaa inakorogwa, kwa kuwa yeye hana muda mrefu na hataki safari ijayo tutafute mtu Arusha wa kutufundisha kazi ya baba yake.

Tutakuwa nyumbani Krismasi, kama kawaida. Mkifika, msiende moja kwa moja kwenye mbege. Piteni kanisani, mwone kipande cha ukuta upande wa kaskazini, upana wa mlango mmoja, ambacho tumeshakivua saruji na kukipiga chokaa kwa majaribio. Kimepita vuli moja. Kigongeni kwa mkono, kisha mgonge pembeni yake, msikie tofauti wenyewe.

Meza ziko mbili, kulia mwa mlango. Stakabadhi za kijani ni za kanisa, za bluu ni za ukumbi. Anayelipa kwa simu asome jina la akaunti kabla ya kuweka namba ya siri, kwa sababu mwaka jana kuna aliyetuma laki mbili kwa muuza gesi. Jumla ya jioni hii itasomwa kabla hatujafunga mkutano, fedha zilizopokelewa tu. Chakula kiko tayari, na foleni ya chakula inapita mbele ya meza zote mbili. Mpango huo ni wa kamati, msimlaumu mpishi.